Kiti Kando ya Amplifaya

Nyumba ya Walter Obiero pale Nyalenda, Kisumu, ilikuwa na chumba cha kulala, sebule, jiko dogo nyuma ya pazia, na spika mbili zilizomfikia mkewe Dorca kifuani. Spika ndizo zilizokaa, watu walisimama. Kochi lilikuwa limetolewa nje na kufunikwa nailoni kwa sababu ya mvua, na kuku wa majirani walikuwa wamepata pa kulala. Dorca alipouliza kochi litarudi lini, mumewe alimjibu, "Ngoja kwanza tuunganishe." Akangoja. Akapika akingoja, akafua akingoja. Kuunganisha gani huko kusikoisha, jamani, hata mtu akose pa kuweka makalio ndani ya nyumba yake?

Ni kwamba unga ulikuwa umemwagika. Obiero alifanya kazi kiwanda cha nguo tangu ujana wake, mpaka mwaka ule wa mvua ya El Nino walipowapanga foleni na kuwapa mkono wa kwaheri. Wenzake wengine walinunua baiskeli wakaanza kubeba abiria, wengine walinunua vyerehani, wengine walienda kwa mama pima wakazinywa pesa zote. Obiero hakunywa. Alipata habari za Mhindi mmoja wa Milimani aliyekuwa anahama na familia yake kwenda ng'ambo, akaenda, akarudi na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na spika mbili, deki ya kaseti, na amplifaya nzito yenye njia tano za sauti. Dorca alimsaidia kuzishusha bila kusema neno. Angesema nini? Pesa ilikuwa imeshageuka mbao na waya.

"Video show, Mama Lornah," Obiero alimwambia mkewe, akihema. "Chumba cha jirani kikiwa wazi tunaweka mabenchi, televisheni tunakodi. Wale wengine wote wanatumia spika ya televisheni, inalia kama mbu. Sisi watu watasikia risasi mpaka kwa tumbo."

Chumba cha jirani kweli kilikuwa kimebaki wazi. Lakini Dorca alikuwa amekwisha kukiomba kwa Wakoli, mzee aliyemtunzia mwenye nyumba ile ploti, na hakukiomba kwa ajili ya risasi.

Mama yake Dorca, Maximilla, alikuwa analala darasani. Mto Nyando ulikuwa umepanda kingo zake na kuingia kwao Ahero kama mtu anayedai chake. Ulichukua mpunga, ukachukua choo, ukachukua ukuta wa jikoni, na mwishowe nyumba yenyewe ikapiga magoti. Mama Maximilla na wenzake walihamia shule ya msingi iliyokuwa juu kidogo, wakatandika magunia kwenye simiti. Shule ikifunguliwa Januari, wangeambiwa watoke. Watoke waende wapi, hakuna aliyesema.

Mtu wa mbali angeuliza, si amchukue mama yake tu akae naye? Huyo hajui watu wa Maximilla. Kwao mama mkwe, maro, halali nyumbani kwa mume wa binti yake. Hali chakula hapo hovyo hovyo. Hampi mkwe mkono, na mkwe hampiti nyuma wala hamkaribii hata nguo zao zikagusana. Mzee Oketch, ndugu ya marehemu baba yake Dorca, alikuwa ameliketia jambo la kile chumba cha jirani na wazee wenzake, miguu yao ikiwa ndani ya maji, wakabishana kama kinachohesabiwa ni mlango au ni mabati.

"Mabati ni moja," mmoja alisema. "Atakuwa analala chini ya paa ya mkwe."

"Mabati ni ya mwenye ploti," Oketch alimjibu. "Mlango ndiyo nyumba. Ufunguo wake, jiko lake. Lakini kwanza apokewe. Aketi kwa kiti, aombewe, ale chakula ya binti yake. Na huyo mkwe akikosa heshima siku hiyo, hata kidogo, narudi naye. Sitaki kuulizwa na watu."

Basi Dorca akapewa siku. Jumamosi. Akahesabu mambo yote ya dunia yakabaki mawili tu: mama yake aketi, mama yake ale.

* * *

Siku mbili kabla ya hiyo Jumamosi, Obiero na jirani yake Shitanda walikuwa wamepiga magoti nyuma ya spika, makalio yao yakiwa yameziba njia ya kwenda chumba cha kulala. Shitanda alikuwa fundi wa redio, mtu wa Kakamega, mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono.

"Hii spika iko na matundu nne," alisema. "Mimi sijaona spika ya matundu nne. Waya ni mbili, moja inaingia, moja inatoka. Hizi zingine ni za nini?"

"Sikia," Obiero alimwambia. Alipenda sana kulieleza hili jambo, alikuwa amemweleza hata muuza maji. "Ndani ni kama nyumba mbili. Juu ni sauti nyembamba, chini ni mdundo. Sasa amplifaya iko na njia tano, na sisi tuko na spika mbili. Njia tatu zikae bure? Unapeleka njia moja juu, nyingine chini. Huku hivyo hivyo. Kila sehemu inavutwa na punda wake."

"Na hivi vibati?"

Palikuwa na vibati viwili vya shaba, kila kimoja ukubwa wa kidole kidogo, vimekazwa kwa skrubu kuunganisha matundu ya juu na ya chini.

"Hivyo ndiyo unatoa. Yule Mhindi alinikazia sana. Ukiweka waya za njia mbili na vibati viko, hizo njia zinakutana hapo nyuma na kupigana. Amplifaya inaungua."

"Basi toa."

Wakatoa. Vibati viwili huku, viwili kule, vikawekwa ndani ya kisahani, na kisahani kikawekwa juu ya kabati la vyombo la Dorca. Ndiyo, kisahani cha vikombe vya wageni.

"Mama Lornah," Obiero aliita. "Hivi vitu visipotee. Nakuomba. Vikipotea hakuna mahali utanunua Kisumu hii."

"Visipotee," Dorca alirudia kutoka mlangoni. Alikuwa na sufuria mkononi na hakuwa na pa kupita. "Kochi imelala nje na haijapotea. Mimi niko hapa nimesimama na sijapotea. Hivyo ndiyo vitapotea?"

"Nasema tu."

"Na Jumamosi Mama atakaa wapi, Baba Lornah? Juu ya spika?"

"Kiti ya mbao ile kubwa itaingia hapo kwa kona."

"Kona iko na amplifaya."

"Kando ya amplifaya. Si iko nafasi?"

Dorca aliipima ile nafasi kwa macho. Kiti kingeingia, ndiyo, kama kungekuwa hakuna hewa. Akawaambia wainuke, ugali unangoja maji.

Jioni waliwasha. Na hapa lazima tuseme kweli, kwa sababu ugomvi usitufanye waongo: ilikuwa sauti nzuri. Kaseti ilikuwa ya kwaya, na kwa mara ya kwanza Dorca alisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Mdundo ulipita sakafuni ukampanda miguuni. Watu wa ploti walijaa mlangoni. Shitanda alikuwa anawaeleza wote kuhusu punda. Obiero alisimama katikati ya sebule yake akicheka, meno yote nje, na Dorca akakumbuka kwamba tangu kiwanda kimtoe alikuwa hajayaona hayo meno. Ikamuuma. Ilimuuma kwa sababu alitaka kumkasirikia vizuri na sasa hakuweza.

Alipata tena nguvu ya kukasirika kesho yake, alipofungua chumba cha jirani akipeleka mkeka wa mama yake. Ndani kulikuwa na mabenchi. Mapya, yananukia msonobari, yamepangwa mpaka ukutani.

"Haya ni ya nini?"

"Seremala alimaliza mapema," Obiero alisema.

"Chumba ni ya Mama."

"Ni ya Mama. Nani amekataa? Lakini fikiria na wewe. Biashara ikianza Krismasi, watu wako na pesa. Mwezi wa pili, wa tatu, napata chumba kubwa kule barabarani, Mama anaingia hapa. Mzee Oketch akiona kesho niko na kitu ya maana, hata yeye atasema, wacha Mama akae kwangu kidogo kwanza."

"Kwa Oketch wako watu kumi ndani ya nyumba moja, na maji iko mlangoni."

"Miezi miwili tu, Dorca."

"Mama analala kwa simiti, Baba Lornah. Mwanamke mzee. Amewekwa upande wa ubao na watu wanamruka wakienda kukojoa. Unataka nimwambie angoje sinema?"

Obiero hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linamchosha Dorca kuliko yote. Mtu mbaya unamfungia virago. Huyu alikuwa mtu mwema mwenye mpango, na mpango wake ulikuwa na miguu ya mabenchi.

"Wacha kesho ifike," alisema mwishowe. "Wasikie kwanza."

* * *

Jumamosi asubuhi Dorca alienda Dunga kwa wavuvi, akachagua samaki wawili wakubwa, ngege, bado wanafunguafungua mdomo. Akarudi akachinja kuku. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kutojali mtu. Obiero alichukua mwavuli mmoja na kuazima mwingine, akaenda stendi kuwangoja wageni.

Basi Dorca akabaki na nyumba. Alifagia. Alipiga deki. Alipangusa spika zote mbili kwa kitambaa kibichi na kingine kikavu, kwa sababu vumbi halijui ni la nani. Alileta kiti kikubwa cha mbao akakisukuma kwenye kona. Hakikuingia. Akaigeuza spika ya upande ule kidogo, ubavu wake ukatazama mlango, na kiti kikaingia, mgongo wake wa fito ukiwa karibu kugusa amplifaya iliyokuwa juu ya stuli. Amplifaya yenyewe ilikuwa kitu kibaya kukitazama, bati jeusi lenye matundu kama kichungi cha chai. Mama yake angeketi karibu na kitu cha namna hiyo? Akafungua sanduku akatoa vitambaa vyake alivyofuma mwenyewe kwa sindano, vyeupe, vyenye maua pembeni. Kimoja akatandika juu ya kiti. Kikubwa akaifunika amplifaya nacho, kikashuka vizuri mpaka chini. Hapo nyumba ikaanza kufanana na nyumba.

Kilichobaki kilikuwa kisahani. Alihitaji vikombe vyote vya wageni na visahani vyake, na ndani ya kimoja kulikuwa na vile vibati na skrubu zake. Visipotee, alikuwa ameambiwa. Aviweke wapi sasa? Kwenye kabati vingeingia unga. Dirishani mtoto wa jirani angevipeleka kwa muuza chuma chakavu. Alijua vilipotoka, aliviona vikitolewa. Akapiga magoti nyuma ya ile spika iliyogeuzwa, akaviweka pale pale palipokuwa na alama zake, akazikaza skrubu kwa ncha ya kisu juu ya waya zilizokuwepo. Vilikaa kana kwamba havijawahi kuondoka. Akataka kwenda na kwenye spika ya pili, lakini ngege walikuwa wameanza kushika chini ya sufuria. Akaweka vile viwili vingine mfukoni mwa aproni yake, akakimbilia jikoni. Kitu cha mume wake kilikuwa salama, na hakuna ambaye angeweza kusema yeye ni mke wa kupoteza vitu.

* * *

Wageni walifika wakiwa wamelowa mpaka magoti. Mzee Oketch mbele na fimbo, Mama Maximilla nyuma yake na mfuko mmoja wa plastiki. Ndio huo uliobaki wa nyumba nzima. Obiero alitangulia mbio, kama alivyokuwa amepanga, akainua ncha ya kile kitambaa, akabonyeza, akaweka kaseti, akaruka kurudi mlangoni kabla maro hajavuka kizingiti. Kwaya ikaanza polepole.

Mama Maximilla aliingia akiangalia chini. Dorca akamshika mkono, akamketisha kwenye kile kiti kikubwa kwenye kona. Mama akaketi, akavuta gauni kufunika magoti, mfuko wake akauweka mapajani. Ilimchukua Dorca nguvu kutoka pale aende jikoni. Obiero yeye alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mbali kadiri sebule ilivyoruhusu, macho yakiwa sakafuni kama heshima inavyotaka.

"Karibuni," alisema. "Mmesumbuka na mvua."

"Mvua ni ya Mungu," Oketch alisema. Alikuwa hajaketi bado. Alitembea mbele ya spika, akaizunguka kwa macho, akagusa mbao yake kwa fimbo. "Hii ndiyo nimesikia watu wanasema huko stendi? Ya sinema?"

"Ndiyo, Mzee."

"Sasa mbona inaimba kama mgonjwa?" Na kabla mtu hajajibu alikwisha kunyoosha mkono juu ya bega la shemeji yake Maximilla, akapapasa chini ya kitambaa, akazungusha. Kwaya ikajaa nyumba. Oketch akatingisha kichwa, akaenda kuketi upande wa pili, chini ya dirisha. "Hapo sawa. Hiyo ni kazi ya mwanamume."

Obiero alitabasamu. Hili ndilo neno alilokuwa amelingoja tangu siku ya mkokoteni. Akainua macho kidogo, si kwa maro, ila kwa spika iliyokuwa kando ya kiti chake, apate kuifurahia. Spika ilikuwa imegeuzwa ubavu. Na kule nyuma yake, juu ya waya nyekundu na nyeusi, palikuwa na kitu kinang'aa.

Hakuamini. Akakaza macho. Vibati. Viwili. Vimekazwa.

Tabasamu lilibaki usoni kwa sababu hakuwa na muda wa kuliondoa. Kwenye mdundo kulikuwa tayari na mkwaruzo mdogo ambao haukuwa wa kwaya. Njia mbili zilikuwa zimekutana. Na juu ya bati lenye matundu, mahali amplifaya inapovutia pumzi, mkewe alikuwa ametandika kitambaa.

"Mama Lornah," aliita.

Dorca alitokea kwenye pazia la jikoni, jasho usoni. "Nini?"

"Hebu zima hiyo kitu kidogo."

Dorca alimtazama. Tangu juzi alikuwa anatamani hiyo kitu izimwe, na sasa, kuku akiwa karibu kuungua, ndipo anaitwa kuwa mtumishi wa mitambo. Alimjua mumewe. Angetaka izimwe, halafu iwashwe kwa mtindo mwingine, halafu Mzee aelezwe kuhusu punda. "Leo hiyo kitu yako ingoje," alisema kwa sauti ya chini. Pazia likafungika.

"Wacha iimbe," Oketch alisema. "Ni wimbo wa Mungu. Kwani iko na shida?"

"Shida kidogo tu, Mzee. Inaweza... inapata joto."

"Kila kitu ya kazi inapata joto. Tuombe, chakula iko karibu." Na akainama.

Mzee Oketch alikuwa mtu wa kuomba. Alianza na safari. Akaingia kwenye mafuriko, akataja kila boma lililoondoka kule Ahero kwa jina. Obiero alikuwa ameinamisha kichwa na kufumbua macho. Aliona kitambaa cheupe kikianza kubadilika rangi katikati, kama mtu amemwagia chai. Swichi ilikuwa chini ya kitambaa hicho. Soketi ilikuwa ukutani nyuma ya kiti. Sanduku la mita lilikuwa nje, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa Wakoli, na Wakoli alikuwa sokoni. Mkono pekee uliohitajika ulikuwa wake, na ungepita katikati ya mgongo wa maro na ukuta, kifua chake kikiwa begani kwa mama wa mke wake, mbele ya Oketch.

Sasa ndipo shetani akamjia, na alimjia na hesabu nzuri kabisa. Inuka, alimwambia. Inuka tu. Kitu chako kitapona. Mzee ataudhika, atasimama, atamchukua shemeji yake na mfuko wake, watarudi Ahero kabla ya kula. Chumba kitabaki na mabenchi. Wewe utasema ulikuwa unazuia moto, na nani atakulaumu kwa kuzuia moto? Utakuwa umepata yote mawili kwa hatua tatu.

Obiero aliweka mikono juu ya magoti. Aliibana pale. Aliutazama ule mfuko wa plastiki mapajani mwa maro, akaona ndani yake rozari, kanga moja iliyokunjwa, na mwiko. Mwiko wa ugali. Katika nyumba nzima iliyokuwa inazama, mama wa watu alikuwa ameokoa mwiko.

Akakaa.

Moshi ulipanda mwembamba, ukafika dirishani, ukatoka kwa adabu. Oketch alikuwa amefika kwa wagonjwa. Mama Maximilla alikuwa ameketi wima, macho yamefumbwa, jasho likimtiririka shingoni. Hakusogea hata kidogo. Kwaya ikawa ya walevi, kisha ya vyura, kisha kukatoka mlio mmoja mdogo ndani ya bati, kama jino likivunjika, na nyumba ikanyamaza. Ilisikika mvua tu.

"Amina," Oketch alisema, akafumbua macho. Akanusa. "Kuna kitu inaungua?"

"Ni kuku, Mzee," Dorca alisema. Alikuwa ametokea na beseni la kunawa, birika mkononi, na kwa mtazamo mmoja aliona kila kitu: doa jeusi lenye kingo nyekundu katikati ya kitambaa chake, uso wa mumewe, mikono yake juu ya magoti. Hakukimbia. Alienda kwa mama yake, akakivuta kile kitambaa kwa mkono mmoja kana kwamba alikuwa amekuja kukichukua, akakikunja, akakitumbukiza ndani ya beseni. Kikafanya tss. Akakisukuma chini ya maji kwa kidole gumba, akachomoa waya ukutani, akatoka na beseni akaleta jingine.

"Nawa, Mama," alisema.

Mama Maximilla alinawa. Akapewa ugali, akapewa paja la kuku na kichwa cha ngege. Watu wote wakangoja. Alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole, akachovya, akala. Akamega jingine.

"Ero kamano, nyathina," alisema. Asante, mwanangu. "Samaki imeiva."

Mzee Oketch alishusha pumzi, akavuta sahani yake. Mambo yalikuwa yameisha.

* * *

Mzee aliposindikizwa, Obiero alirudi na bisibisi. Mama Maximilla alikuwa amekwisha kuhamia uani chini ya upenu, hivyo kona ilikuwa huru. Aliifungua amplifaya. Hakuhitaji kumwita Shitanda. Ndani kulikuwa kweusi, na harufu yake ilikuwa ya kiwanda siku ile mashine kubwa ilipoungua.

Dorca alisimama nyuma yake. Alitia mkono kwenye aproni akatoa vile vibati viwili vingine, akavishika kiganjani.

"Nani alirudisha?" Obiero aliuliza bila kugeuka.

"Mimi. Ulisema visipotee."

Obiero alikaa sakafuni. Mtu angedhani atapiga kelele, na alikuwa na haki. Dorca mwenyewe alikuwa amejitayarisha kujibu. Alikuwa na maneno ya wiki nzima.

"Kweli nilisema," alisema tu.

"Si ungeinuka, Baba Lornah. Si ungeinuka tu uzime."

Obiero aliinuka, akaenda chumba cha jirani, akaanza kuyatoa mabenchi, moja moja, akiyaweka kwenye mvua karibu na kochi. Dorca alimsikia akimwambia Shitanda, aliyekuwa amekuja kuuliza mbona kumenyamaza, ashike upande ule mwingine na afunge mdomo.

Chumba kilipobaki kitupu Dorca alitandika mkeka, juu yake godoro, na juu ya godoro blanketi lake la arusi. Mama yake aliingia kwa mlango wake mwenyewe. Akafungua mfuko, akautundika ule mwiko kwenye msumari ukutani. Akauliza kama kuna mafuta ya kujipaka.

"Ya nini, Mama?"

Mama Maximilla aligeuka, akafungua vifungo vya gauni, akalishusha kidogo. Mgongoni, chini ya bega, ngozi ilikuwa imevimba na kuiva, alama ndogo ndogo zimepangwa kama matundu ya bati. Dorca alishika mdomo.

"Tangu saa ngapi?"

"Alipoanza kuomba."

"Na hukusema? Mama, uliungua umenyamaza?"

Mama yake alipandisha gauni taratibu, akiangalia mlango, asije mkwe akapita.

"Ningesema, ningeinuka," alisema. "Na ningeinuka bila kula, Dorca, ningerudi wapi?"